Meno ya kahawia, fizi zinazotoka damu: uchambuzi wa kisa cha binti wa kidato cha pili kutoka Meru

Kisa hiki ni cha binti wa miaka 14, mwanafunzi wa shule ya bweni, mzaliwa wa vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru mkoani Arusha. Nimekijenga kwa kuunganisha hali za vijana wenye tatizo linalofanana, ili asitambulike mtu yeyote. Hata hivyo hakuna jambo ndani yake ambalo tabibu wa meno wa ukanda ule atalishangaa. Nimekichagua kwa sababu macho ya wote, yaani mgonjwa, mzazi, mwalimu na hata mhudumu wa afya, huvutwa na rangi ya meno ya mbele. Wakati huohuo ugonjwa wenyewe unaendelea nyuma ya kinywa na kwenye kingo za fizi bila mtu kuuangalia.

Alivyofika

Aliletwa na mama yake wakati wa likizo. Shida iliyoandikwa mapokezini ilikuwa "kung'arisha meno". Binti alitoa shikamoo mkono ukiwa mdomoni, na kila alipojibu swali aliibana midomo. Shuleni walishampa jina la utani. Mama alieleza kwa kifupi: "Sisi kwetu ni maji, daktari. Mimi ninayo, baba yake anayo, na huyu naye kayapata."

Maumivu hakuna, alisema binti. Fizi je, zinatoka damu akipiga mswaki? "Zinatoka, ila bwenini kwetu za kila mtu zinatoka." Kwa maoni yangu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko yote aliyoyasema siku ile, maana dalili ikishakuwa ya kila mtu haiitwi dalili tena, na hakuna anayeipeleka hospitali.

Alikuwa akipiga mswaki asubuhi tu, kabla ya kifungua kinywa, kwa dawa ya meno ya mitishamba isiyo na floraidi, madini ambayo yamo pia kwa wingi kwenye maji ya kwao. Dawa yenye floraidi mama alishaipiga marufuku nyumbani, na hoja yake ilikuwa na mantiki: kama floraidi ndiyo iliyoharibu meno ya ukoo mzima, kwa nini tuitolee tena fedha dukani? Zaidi ya mswaki huo, binti alisugua meno ya mbele kwa mkaa uliosagwa, na siku za karibuni alikuwa ameanza limao lililochanganywa na magadi baada ya kuona video kwenye simu ya binamu yake.

Upande wa chakula ilibidi kuuliza polepole, saa kwa saa, kwa sababu ukimuuliza kijana "unakula sana vitu vitamu?" atakujibu hapana. Asubuhi chai ya sukari na andazi. Mapumziko ya saa nne, uji wenye sukari. Mchana ugali na maharage, kisha pipi au bigijii ya kantini. Jioni tena chai. Na usiku, wakati wa prepo, kopo la maziwa ya unga yaliyochanganywa na sukari lilizungushwa chini ya madawati, kila mmoja akilamba kwa ncha ya kijiko mpaka kengele ya kulala ilipolia. Baada ya hapo ni kitandani moja kwa moja. Bomba liko nje ya bweni, na mlango hufungwa prepo ikiisha.

Kilichoonekana kinywani

Meno yalifutwa kwa pamba na kukaushwa kwa hewa. Hatua hiyo huonekana ndogo, lakini doa la awali la kuoza halionekani vizuri kwenye jino lililolowa mate.

Meno ya mbele ya juu yalikuwa yamepauka uso mzima kwa weupe wa chaki, na juu yake mabaka ya kahawia. Lilivyokuwa jino la kushoto ndivyo lilivyokuwa mwenzake wa kulia. Hapa na pale palikuwa na vishimo vya duara visivyofika milimita 2. Huko ni kuharibika kwa enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, kutokana na floraidi nyingi. Kwa kipimo cha ukali wa madhara hayo cha Thylstrup na Fejerskov, kilichochapishwa mwaka 1978 na kinachokwenda 0 hadi 9, meno hayo yaliangukia kati ya 4 na 5.

Kwenye chonge na magego madogo ya juu kulikuwa na kitu kingine ambacho mtu mwenye haraka angekihesabu pamoja na mabaka hayo. Ulikuwa ni mstari mweupe mwembamba uliopinda kufuata ukingo wa fizi, umefunikwa na ukoga, na ulipoguswa taratibu kwa ncha butu ulikwaruza. Doa la floraidi halifuati fizi, nalo huja kwa jozi kushoto na kulia. Doa la kuoza hukaa pale ukoga unapolala. Kwa hiyo binti huyu alikuwa na aina mbili za weupe kwenye meno yake: moja iliyotokea utotoni na isiyoongezeka tena, na nyingine inayoendelea wiki hadi wiki.

Gego la pili la chini kulia lilikuwa na tundu dogo jeusi, ndani laini. Magego mengine matatu ya namna hiyo yalikuwa mazima, lakini mifereji yake ilikuwa mirefu na imejaa ukoga. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba, kingo zake zimekuwa nene, na sehemu nyingi zilitoa damu kwa kuguswa tu. Nyuma ya meno ya mbele ya chini ugaga, yaani ukoga uliokuwa mgumu kama jiwe, ulikuwa umeshaganda. Hakukuwa na jino linalotikisika, wala mahali ambapo kipimo kilizama chini ya fizi zaidi ya milimita 3. Picha ya eksirei ya magego ilionyesha mfupa uko mahali pake.

Kisha alipakwa rangi ya kuonyesha ukoga na kupewa kioo. Meno sita ya mbele ya juu, yale yanayosuguliwa kwa mkaa, hayakushika rangi ila kidogo. Kuanzia hapo kwenda nyuma kulikuwa na waridi iliyokolea, nene zaidi kwenye ukingo wa fizi na katikati ya jino na jino. Binti aligeuza kioo huku na huku bila kusema neno, kisha akauliza, "Hii yote ni uchafu?" Akajibiwa kwamba ni ukoga, yaani vijidudu hai vilivyojishikiza kwenye jino, na kwamba mswaki wake hauendi huko. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaliona jambo hilo kabla hajaambiwa.

Kwa nini hali ilifika hapo

Tuanze na floraidi, kwa sababu ndipo familia iliposimama. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyapa maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Maeneo kama Maji ya Chai na Ngare Nanyuki yanajulikana kwa hilo, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikishughulika na kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Magadi yanayowekwa kwenye makande na maharage ili yaive haraka nayo huongeza floraidi juu ya ile ya maji.

Lakini floraidi ya kumezwa huharibu enameli wakati enameli inatengenezwa, jino likiwa bado ndani ya taya. Meno ya mbele humaliza kutengeneza enameli yake mapema utotoni, na magego ya pili hufikia hapo mtoto akiwa na miaka 7 au 8. Binti wa miaka 14 hana jino tena, ukiondoa magego ya mwisho, ambalo floraidi ya maji inaweza kulitia mabaka. Wala kahawia yenyewe si rangi ya floraidi. Jino huota likiwa limepauka na lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, kisha chai na vyakula huingia humo na kulitia rangi. Ndiyo maana mkaa na limao havisaidii. Mkaa unaikwangua enameli iliyokwisha dhoofika na kuumiza ukingo wa fizi, limao linaiyeyusha.

Floraidi ya kwenye dawa ya meno hufanya kazi nyingine. Vijidudu vya ukoga hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikishusha pH (kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) kwenye uso wa jino chini ya takriban 5.5, madini ya enameli huanza kutoka. Mate huituliza asidi hiyo baada ya nusu saa mpaka saa moja, madini hurudi, na floraidi kidogo iliyopo pale juu ya jino huyasaidia kurudi yakiwa magumu zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha ya dawa muhimu, nayo ndiyo dawa ambayo nyumba hii iliikataa.

Sasa weka hesabu ya siku yake juu ya maelezo hayo. Chai, uji, pipi, chai, kisha saa mbili za kulamba sukari bila kukoma. Kila mlambo unaanzisha saa upya. Jino halikupata nafasi ya kurudishiwa madini mchana, na usiku, mate yanapopungua mtu akilala, asidi ilibaki peke yake. Kwa jumla huenda alikuwa akila sukari sawa na msichana anayekunywa soda moja na chakula cha mchana. Kilichomzidishia madhara ni mara ngapi kwa siku.

Kuna jambo la umri ambalo sisi watoa huduma hatulisemi vya kutosha. Gego la pili huota mtoto akiwa na miaka 12 hivi. Katika familia nyingi huo ni mwaka wa kumaliza shule ya msingi au wa kuingia bweni. Jino jipya, lenye enameli ambayo bado haijakomaa na mifereji mirefu, linaingia kinywani wakati uleule ambao hakuna mama wa kuuliza "umepiga mswaki?" na wakati ambao kijana ana shilingi zake za kantini. Huchukua miezi mingi mpaka jino hilo lifikie kimo cha wenzake, na muda wote huo mswaki hupita juu yake bila kuligusa. Kwa hiyo lilipooza jino moja tu kinywani mwa binti huyu, haikushangaza kwamba lilikuwa hilo.

Fizi nazo zina sababu ya umri. Homoni za balehe huzifanya fizi ziitikie ukoga kwa nguvu kuliko utotoni, hivyo ukoga uleule unaleta uvimbe mkubwa zaidi. Lakini homoni bila ukoga hazileti ugonjwa huu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya watu 12 wenye fizi safi walioacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba, na walipoanza tena kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Hilo ndilo la kumwambia kijana, kwa sababu vijana wengi wakiona damu huogopa na kuacha kupitisha mswaki pale, ukoga unazidi, damu nayo inazidi. Mahali panapotoa damu ndipo panapohitaji mswaki.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Kijana ambaye meno ya mbele au magego ya kwanza yanatikisika au yanaachana, huku kinywa chake si kichafu sana, hayuko kwenye kundi hili. Huenda ana ugonjwa mkali unaokula mfupa katika umri mdogo, nao hutokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko wa Ulaya. Huyo apelekwe kwa daktari bingwa mapema, asiambiwe tu akapige mswaki.

Kilichofanyika

Ugaga ulikwanguliwa siku ileile. Gego lenye tundu lilisafishwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa kwa glasi-ayonoma, dawa ya kuzibia meno, bila mashine wala sindano. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Wanaoidharau kama tiba ya vijijini wanajinyima kitu kizuri: kwa tundu dogo la namna hii ilitosha kabisa, na kiti kilikuwa huru baada ya muda mfupi. Mifereji ya magego matatu mazima ilizibwa kwa dawa hiyohiyo ili ukoga usipate pa kulala. Madoa meupe ya kwenye ukingo wa fizi hayakuguswa kwa chuma, yalipakwa vanishi ya floraidi, dawa inayoganda juu ya jino, kwa kuwa doa ambalo halijatoboka bado linaweza kurudishiwa madini.

Hayo ni ya kitini. Yaliyobaki yalikuwa ya nyumbani na bwenini, na huko ndiko kinga inakofanikiwa au kushindwa.

Suala gumu lilikuwa dawa ya meno. Mama alisikiliza maelezo yote ya enameli, kisha akauliza swali ambalo kila mzazi wa ukanda ule anapaswa kuliuliza: "Nimekuelewa, daktari. Lakini nyumbani nina mdogo wake wa miaka miwili. Naye nimpe hiyohiyo?"

Jibu linataka hesabu. Kwa mtoto huyo kiasi ni cha punje ya mchele, mzazi mwenyewe akiushika mswaki. Punje hiyo ni kama gramu 0.1, na kwa dawa yenye floraidi sehemu 1,000 kwa milioni ina miligramu 0.1 ya floraidi, hata mtoto akiimeza yote. Lita moja ya maji yenye miligramu 5 humpa mara 50 ya hiyo. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anatetewa kwenye ndoo ya maji na kwenye sufuria: maji ya mvua au ya chanzo kilichopimwa kwa kunywa na kupikia, na chakula chake kisitiwe magadi. Kuchemsha hakuondoi floraidi, tena maji yakipungua sufuriani, yanayobaki huwa na nyingi zaidi kwa lita. Chemchemi mbili za kijiji kimoja zinaweza kupishana sana, kwa hiyo kupima ni lazima, kukisia kwa ladha au kwa uangavu hakusaidii. Na kwa dada yake wa miaka 14, hatari ya maji imeshapita, hatari ya sukari ndiyo iliyopo. Mama alilirudia mwenyewe kwa maneno yake: mdogo abadilishiwe maji, mkubwa abadilishiwe dawa.

Binti alipewa maelekezo machache. Dawa yenye floraidi sehemu kati ya 1,000 na 1,500 kwa milioni, namba ipo kwenye boksi. Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo isiyokosa. Mswaki laini, nywele zake zielekezwe kwenye ukingo wa fizi, na uanzie nyuma kabisa, kwenye magego ya pili, kwa sababu mkono huchoka na pa mwisho huachwa. Akimaliza ateme tu, asisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki. Mkaa na limao basi. Bibi yake anatumia mswaki wa mti, na binti aliuliza kama afuate huo. Unasafisha vizuri ukifika pande zote, ila hauna floraidi, kwa hiyo atie dawa juu yake.

Kuhusu sukari hakukatazwa kila kitu. Amri ya namna hiyo haivuki geti la shule. Aliambiwa akile kitamu pamoja na mlo, kisha akiache kinywa kipumzike mpaka mlo mwingine. Kopo la prepo lilijadiliwa kwa kirefu, na yeye ndiye aliyependekeza karanga badala yake.

Lakini yote hayo yangeishia kwenye bomba lililo nje ya mlango uliofungwa. Barua fupi ilipelekwa kwa matroni ikiomba jambo moja: wasichana wapewe dakika za kupiga mswaki baada ya prepo kabla ya mlango kufungwa, au ndoo ya maji na beseni viwekwe ndani. Matroni alichagua ndoo, kwa bweni zima. Naliweka jambo hilo juu ya kila kilichofanyika kwenye kiti, kwa sababu liliwafikia pia wenzake wa bwenini ambao fizi zao zinatoka damu, na wote wasiokuwa na mzazi wa kuwaleta kliniki.

Rangi, na kilichofuata

Shida aliyokuja nayo haikusahauliwa. Ingekuwa dharau kumwambia binti anayeficha mdomo darasani kwamba rangi si ugonjwa na kumalizia hapo. Mabaka yanaweza kupunguzwa kwa kusuguliwa tabaka jembamba kwa kemikali maalumu mikononi mwa daktari, au kufunikwa kwa dawa ya kuzibia ya rangi ya jino. Tatizo ni kwamba dawa ya kufunikia haishiki vizuri pale ufizi unapotoa damu. Aliambiwa hivyo wazi: fizi zikikauka damu, tutafunika. Kijana wa miaka 14 hasukumwi na habari za meno atakayoyapoteza akiwa na miaka 45, ila atapiga mswaki usiku kwa ajili ya tabasamu la muhula ujao. Sioni ubaya wowote kuitumia haja hiyo, kwa sababu ni ya kweli na masharti yake ni ya kweli.

Aliporudi likizo iliyofuata, baada ya miezi mitatu hivi, fizi za mbele zilikuwa zimerudi rangi yake na kukaza. Nyuma bado sehemu chache zilitoa damu, hasa upande wa kulia, upande wa mkono anaoshikia mswaki, ambao watu wengi huuruka. Mistari myeupe kwenye chonge ilikuwa haikwaruzi tena na imepata mng'ao, dalili kwamba madoa yamesimama. Zibo la gego lilikuwa imara. Sukari ya prepo, alikiri, ilirudi wiki ya mitihani.

Vanishi ilipakwa tena, upande wa kulia ukafanyiwa mazoezi mbele ya kioo, na meno mawili ya mbele ya juu yakafunikwa. Mengine yatafuata kadiri mama atakavyomudu gharama. Maelekezo ya mwisho yalihusu meno hayo mawili: ukingo wa dawa ya kufunikia hukusanya ukoga upesi kuliko jino lenyewe, kwa hiyo mswaki ulale pale ilipokutana na fizi, asubuhi na usiku, na ufizi ukianza kuvuja damu mahali hapo arudi bila kusubiri likizo.